Cheni bloku ya tani 2, nimenyanyulia kabini ya Hilux nyumbani

Kama una Hilux ya zamani na unataka kuifikia chesisi yote uchomelee palipoliwa na kutu, hii cheni bloku (winchi ya mkono ya kunyanyulia mizigo kwa mnyororo) nunua tu, kabini tupu haifiki hata tani 1 kwahiyo inaibeba bila shida. Nilichokipenda zaidi ni breki yake, ukiachia mnyororo mzigo unaganda palepale, na kwenye kurudisha unashusha kidogokidogo mpaka matundu ya bolti yanakaa sawasawa na raba za bodi (zile zinazokaa kati ya kabini na chesisi), maana kwa jeki na mbao hapo ni mateso. Ila jamani msiifunge kwenye kenchi za mbao za paa!! tafuta boriti ya chuma au fremu yenye miguu. Kabla hujavuta chomoa betri, waya za ethi (zinazounga bodi na chesisi kwa umeme), shafti ya stelingi, paipu za breki na kebo ya hendbreki, hizi ethi ndo watu wanazisahau sana. Mtu asiingie chini kabini ikiwa inaning'inia, kabisa. Bolti ziingize zote kwa mkono kwanza ndo ukaze. Ndoano ina kilimi kinachozuia mkanda wa kunyanyulia usichomoke, changu kigumu, safi. Mnyororo wa kuvutia tu ndo mfupi kidogo.