Mashini ya yaya ililala chini ya kitanda miaka miwili, nimeitia Linux Mint, angalieni

Jambo yenu wote, jambo Goma, jambo Bukavu, jambo Lubumbashi, na wale wako mbali wanatufuata usiku kwa simu. Leo sina kitu kipya cha kutoa kwenye kartoni. Niko na hii mashini hapa mezani, iangalieni, kona ya kifuniko imepasuka, herufi A na E zimefutika kwa kuandika miaka na miaka, na hapa pembeni bado kuko kikaratasi chenye jina la shule. Ni ya yaya wangu, dada yangu mkubwa. Ni mwalimu wa darasa la sita upande wa Ndosho, aliinunua okazyo, yaani iliyokwisha tumika, zamani kidogo, ikamtumikia vizuri, kisha ikaanza kuchoka, unaiwasha, unaenda kuchota maji, unarudi bado inazungusha kale kaduara, na siku moja ikakataa kabisa. Fundi wa kwanza akamwambia mama hii imekufa, tafuta ingine. Wa pili akasema hivyo hivyo. Yaya akaifunga ndani ya kitenge, akaiweka chini ya kitanda, miaka miwili.

Haikuwa imekufa. Nitawaonyesha yote, na pale iliponisumbua pia, juu sitaki mtu aharibu vitu vya watu akisema alifuata video yangu.

Ni laptop ya mwaka 2012, Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya kazi) giga 4, diski ya kuzunguka giga 320. Kumbukeni hiyo "kizazi cha tatu", tutairudilia.

Kabla ya kugusa sistemu nilifungua mgongo. Hapa naomba mnisikilize vizuri juu watu wengi wanaruka hii kazi. Sisi hapa Goma tunaishi juu ya lava. Ile ya 2002 kutoka mlima Nyiragongo ilipita katikati ya mji, barabara za mitaa yetu ni mawe meusi yaliyosagika, pikipiki moja ikipita vumbi inaingia paka ndani ya sahani, sasa mnafikiri kwenye feni haiingii? Angalieni picha niliyopiga, kati ya feni na zile bati nyembamba za kutoa joto kulikuwa kitu kama blanketi, nimekivuta kizima na kibano. Hewa haikuwa inapita hata kidogo. Na prosesa ikipata moto sana inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, njo maana mashini inakuwa nzito, na mwenyewe anafikiri ni virusi, anainstale upya, wiki mbili baadaye ni mambo yale yale. Nikasafisha kwa brashi laini, nikashika feni na kidole isizunguke wakati wa kupuliza, nikapangusa ile pasta ya zamani juu ya prosesa iliyokauka kama udongo, nikaweka mpya. Pasta yenyewe ya kazi hiyo, tafadhali, siyo dawa ya meno. Nimeona watu wanaweka dawa ya meno. Inakauka upesi, unarudi kule kule.

Sasa tuje kwa fulashi. Nilitumia ya giga 8, nikatia ndani Linux Mint 22, sistemu ya kuweka pahali pa Windows, ile ya Xfce, sura yake nyepesi. Kwa wale wanasikia leo mara ya kwanza, Linux ilianza 1991, kijana wa Ufini anaitwa Linus Torvalds, alikuwa mwanafunzi pale Helsinki, aliandika kiini cha sistemu akakiachilia watu, na lisensi yake ya GPL inasema kila mtu anaweza kuitumia, kuisoma ndani, kuibadilisha, na kuikopiya kumpa mwingine. Juu ya kiini hicho vikundi mbalimbali vinajenga sistemu nzima, Mint ni kimoja, iko tangu 2006. Hii 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itapokea mizajuru (masasisho) za usalama paka 2029.

Na upande ule mwingine? Windows 10 ilifungiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inaomba TPM 2.0, kachip ka usalama ndani ya mashini, na kwa Intel inataka kuanzia kizazi cha nane. Yetu ni ya tatu. Kuko njia za kuilazimisha, najua, na kuko zile za krak, Windows ya wizi, wanakuwekea dola chache, lakini mimi mashini yenye kubeba pointi za watoto wa shule siwezi kuitia krak ambayo sijui nani aliitengeneza na ameacha nini ndani.

Nikabranshe fulashi, nikawasha huku nabonyeza F12 ili ianze kutoka kwenye fulashi, siyo kwenye diski. Kwa Dell na Lenovo ni F12, kwa HP ni F9, zingine utaangalia kwenye kioo wakati inaanza. Baada ya dakika kama mbili Mint ikafunguka, na hapa ndipo pananifurahisha kila mara: inatembea kutoka kwenye fulashi, haijagusa diski yako hata kidogo. Unajaribu wifi, unajaribu sauti, kamera, klavye, usipopenda unazima, unatoa fulashi, mashini inabaki vile ilikuwa.

Nikafungua mafaili, diski ya zamani ikaonekana. Windows yenyewe ilikuwa haiwaki, lakini makabrasha yalikuwa pale. Fiche za masomo, pointi za watoto, na kabrasha moja la picha. Picha za baba yetu, mwaka wake wa mwisho, amekaa mbele ya nyumba na wajukuu. Yaya alikuwa anajua zilipotea pamoja na mashini. Nikamwita, sikumwambia kitu, nikageuza kioo upande wake. Alisimama pale nyuma yangu muda mrefu, kisha akasema, "Kopiya mara mbili." Nikakopiya mara mbili, moja kwenye diski ya nje, moja kwenye fulashi anaitunza yeye.

Kwa hiyo wewe mwenye mashini imelala nyumbani, hata kama Linux huitaki, hiyo fulashi peke yake inaweza kukutolea vitu vyako. Ila kama diski inalia tik tik tik, usiiwashe-washe ovyo, kopiya kwanza kile cha maana sana. Na kama mwenyewe alifunga diski kwa BitLocker, kile kifuli cha Windows, bila ile funguo yake hutafungua.

Mint iko na programu ndogo ya kuangalia diski, inasoma ile ripoti ya SMART diski inajiandikia yenyewe, na pale nikaona ugonjwa: diski iko na sehemu mbovu nyingi. Nikaitoa, nikaweka SSD, diski isiyozunguka, ya giga 240. Na hapa nitasema ukweli ambao wapenzi wa Linux wengine hawapendi kuusema: nusu ya uzuri mnaoona leo, na pengine zaidi ya nusu, ni hiyo SSD. Mtu akikuambia Linux peke yake inageuza diski ya zamani kuwa roketi, anakudanganya. Kama uko na pesa ya kitu kimoja tu, nunua SSD. Ukipata ingine baadaye, ongeza bareti ya RAM, za okazyo DDR3 zinapatikana, hakikisha tu ni zile fupi za laptop.

Kuinstale kulichukua kama dakika ishirini. Kitu kimoja cha kwetu hapa: batri ya hii haishiki tena, na umeme mnaujua, basi nilingoja nipate mahali kuko solari na inverta, juu umeme ukikatika katikati ya kuinstale unaweza kuanza tena kutoka sifuri. Nikachagua Kifaransa. Kwa klavye muwe na macho, mashini nyingi za okazyo zinakuja na QWERTY, wewe unachagua Kifaransa kwa mazoea, sistemu inaweka AZERTY, herufi zinabadilishana mahali, kesho neno la siri linakataa na unajiona umelisahau. Jaribuni kwenye kale kasanduku ka kuandikia kabla ya kuendelea.

Sasa tuiwashe pamoja. Nabonyeza… nahesabu… hapo, sekunde 27, na Firefox natia, imefunguka. Feni mnaisikia? Hata mimi siisikii. Bila kufungua kitu inatumia RAM kidogo chini ya giga moja, kwa hiyo kati ya giga 4 kuko nafasi ya kupumua. LibreOffice, ya kuandikia kama Word, iko ndani tayari, video za kawaida zinapita. Ukifungua kurasa kumi na tano za Firefox itaanza kukaza, giga 4 ni giga 4, mtandao wa leo ni mzito kwa sistemu yoyote ile.

Iliponisumbua. Ya kwanza wifi. Kadi iliyo ndani haikuonekana kabisa, na draiva yake inataka intaneti, na intaneti inataka wifi, mnaona ile shida. Dawa: chukua simu ya Android, ibranshe na kebo ya USB, washa kule kushirikisha intaneti kwa USB, Mint inaikamata pale pale bila draiva yoyote. Kisha fungua programu ya madraiva, inakuonyesha yenye inafaa, unaiweka, unawasha upya, kwisha. Ya pili, imprimante. Nilijaribu mbili za jirani, moja ikachapa bila kuuliza kitu, ingine imekataa paka leo. Ukiwa na imprimante yako nyumbani, ijaribu kutoka kwenye fulashi kabla hujafuta chochote.

Ya tatu inahusu wanafunzi, wale wako kwenye TFC na memwari, kazi za kumaliza masomo. LibreOffice inafungua mafaili ya Word, ndiyo, lakini kama mwalimu wako anataka Times New Roman na kurasa zikae palepale, ukurasa unaweza kuhama, meza ikakatika katikati. Andika kwa utulivu, ukimaliza toa PDF, njo hiyo unapeleka kwa sekretaria pablike, wale wanaochapa karatasi za watu, kuimprime. Ukibeba faili la Word ukalifungue kule, usishangae.

Na kwa kuwa nimetaja sekretaria pablike, tuongee virusi vya fulashi. Mnakijua kile, unaenda kuimprime karatasi mbili, unarudi nyumbani makabrasha yote yamekuwa shotikati, unabonyeza hakuna kitu. Mafaili hayajapotea, yamefichwa, na ile shotikati njo inaendesha virusi. Kwenye Mint hazina nguvu, zimeandikwa kwa Windows. Unabranshe fulashi, yaliyofichwa yanaonekana, kama hayaonekani unabonyeza Ctrl na H, unakopiya yako, unafuta zile shotikati. Jirani zetu wameanza kuleta fulashi zao hapa jioni, na yaya amejifunza kuwafanyia mwenyewe.

Mega sasa. Faili la Mint ni karibu giga 3, na kwa forfe zetu, hizi mega tunazonunua, hiyo siyo mchezo. Mimi nilitelesharje (nilipakua) kwa torenti, usiku, juu torenti ikikatika inaendelea pale ilifikia, na inajihakiki yenyewe kipande kwa kipande, hupati faili bovu mwishoni. Lakini siyo lazima kila mtu atelesharje! Lisensi inaturuhusu kukopiya. Mmoja wa Katindo akiwa nayo, anaitia kwa fulashi ya mwenzake wa Himbi, huyo anampa wa Majengo, mega zimelipwa mara moja tu. Hakuna anayemuibia mtu. Hilo mimi linanigusa kuliko hizo sekunde 27, kwamba kijana asiye na kitu anaweza kushika sistemu nzima mkononi kwa haki, siyo kwa kuiba. Mizajuru pia, Mint haikulazimishi, inakuonyesha orodha, wewe unachagua siku uko na mega. Za kwanza kabisa zinaweza kufika mamia ya mega, jiandaeni. Na kuko Warpinator ndani yake, inapitisha mafaili kati ya mashini mbili zilizo kwenye wifi moja bila kutumia intaneti.

Nani asiinstale? Wewe unayekula kwa AutoCAD au Photoshop, baki pale ulipo. Mhasibu mwenye programu ya Windows ya kazini, baki, au weka mashini ya pili. Wa ramani, QGIS iko na inafanya kazi vizuri. Wale wa ankete, wanaokusanya majibu ya watu, fomu za Kobo zinafunguka kwenye Firefox. Na kama mashini yako ni ya zamani zaidi, ya bit 32, Mint 22 haitaingia, tafuta antiX, Linux ingine nyepesi.

Batri bado sijapata ya kweli, nilizoonyeshwa Birere mbili zilikuwa nyepesi mno mkononi, nikakataa. Nikipata nitaileta hapa tuipime. Sasa naifunga, yaya anagonga mlango, ana mitihani ya trimesti ya kuandika na umeme umerudi sasa hivi.