TAHADHARI: Muuzaji wa koili za ditekta "za udongo wowote" hapa Mombasa

Ndugu zangu mnaosaka dhahabu na metali, kuna jamaa anazunguka mjini na koili kubwa nyeusi za ditekta, yaani zile sahani za chini za mashine ya kutafutia metali, unazozipitisha juu ya ardhi. Anadai zinafanya kazi kwenye udongo wa kila aina, iwe mchanga wa bahari, udongo mwekundu wa Taita au changarawe za mtoni. Usimtumie hata shilingi. Vijana ninaowajua, wengine wa Likoni na wengine wa Kisauni, wameshamlipa, na hakuna hata mmoja aliyepata faida. Kazi yangu ni kutafutia watu pete na mikufu iliyopotea ufuoni, kwa hiyo wananiletea hizo koili nizikague. Nimeona za kutosha kuwaonya wengine.

Anajitangaza kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook. Picha ni safi na sanduku lina nembo ya kampuni kubwa. Ukimpigia simu anakuita "kaka yangu", anakwambia zimebaki mbili tu na mzigo mwingine umekwama bandarini. Bei inaanzia shilingi 25,000 na kushuka hadi 18,000 "kwa sababu ni wewe". Duka hana. Atakwambia mkutane ufuo wa Pirates, juu kule kwenye mchanga mkavu, wala hakubali kuteremka majini. Anafukia kufuli kubwa la shaba, anapitisha koili juu yake, mashine inalia kwa nguvu. Mteja anaridhika, anatuma pesa kwa M-Pesa, na jina linalotokea kwenye ujumbe si lile alilojitambulisha nalo.

Jaribio hilo halithibitishi kitu. Mchanga mkavu hauna cha kuisumbua mashine, na kufuli la ukubwa ule hata ditekta ya bei ya chini kabisa italilia. Taabu inaanza hatua chache chini, pale maji yalipopwa. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, kwa hiyo koili inausikia mchanga uliolowa kana kwamba ni metali. Mashine inayotumia masafa (frikwensi) ya aina moja tu, hasa masafa ya juu, italia ovyo kila ukiipeleka kushoto na kulia. Zinazostahimili hali hiyo ni mashine za masafa mengi kwa wakati mmoja, au zile zinazotuma umeme kwa mapigo mafupi, wanazoziita PI. Koili peke yake haiwezi kuigeuza mashine ya masafa mamoja kuwa mashine ya bahari. Hapo ndipo uongo wa kwanza ulipo, na ndio unaowaumiza wengi kwa sababu tunaishi pwani.

Kijana mmoja wa Likoni alikuja na koili yake ya inchi 18 siku za bamvua, maji yamepwa mbali. Tuliifunga kwenye mashine yake tukashuka. Kelele haikukatika. Tukapunguza usikivu kidogo kidogo hadi ikanyamaza, kisha nikaweka sarafu ya shilingi 20 na kuifunika mchanga wa kina cha kiganja. Koili ikapita juu yake kimya. Tukafunga koili ya asili ya mashine ile ile, ya inchi 11, usikivu ukiwa wa chini. Kelele za hapa na pale zilikuwepo, lakini sarafu ililia kila tulipoipitia, kutoka kila upande.

Wanunuzi wengi wanadhani koili kubwa ndiyo yenye nguvu zaidi. Kwenye udongo mtulivu ni kweli inafika chini zaidi, hasa kwa kitu kikubwa. Lakini koili kubwa pia inabeba udongo mwingi kwa mpigo mmoja, na udongo ukiwa na chuma au chumvi, yote hayo yanageuka kelele. Kwenye udongo mgumu mara nyingi koili ndogo ndiyo inayoshinda, kwa sababu inaona udongo kidogo na punje ya dhahabu haipotei ndani ya kelele. Unapita taratibu zaidi, eneo unalomaliza kwa siku ni dogo, lakini unasikia.

Halafu kuna umbo la nyaya ndani. Koili ya duara ndani ya duara ina uwanja wa sumaku wa umbo la koni, kwa hiyo inakusanya udongo mwingi chini yake. Ile ya DD ina nyaya mbili za umbo la herufi D zilizopishana katikati, na uwanja wake ni mwembamba kama makali ya kisu, kutoka mbele ya koili hadi nyuma. Kwa kuwa makali hayo yanagusa udongo kidogo, DD inatulia zaidi kwenye udongo mwekundu wenye madini ya chuma. Huyu bwana anajua sifa hiyo, ndiyo maana koili zake zote zimebandikwa herufi DD kwa stika.

Kujua ukweli ni rahisi na huhitaji kuifungua. Washa mashine, inua koili juu mbali na metali yoyote, vua saa na pete. Chukua sarafu, ipitishe karibu na uso wa koili ukianzia ncha ya mbele, kisha katikati, kisha nyuma karibu na nguzo ya mashine. DD ya kweli itaitikia kwenye mstari wote huo wa katikati. Zile nilizoletewa zilikuwa zinalia katikati tu, na ncha zote mbili zilikuwa zimekufa. Baada ya hapo tikisa kebo karibu na plagi. Kebo isiyo na hitilafu haitoi sauti. Moja niliyoishika ilikuwa inalia kila ukiigusa, na plagi yake imekwanguliwa kwa tupa ili iingie. Nyingine ilikuwa imeuzwa kuwa ya kuzama majini, na ukiitikisa unasikia maji yakicheza ndani.

Suala la plagi lina uzito wake. Koili hutengenezwa kwa ajili ya mashine fulani, na plagi kuingia hakumaanishi kwamba vitu viwili hivyo vinapatana. Koili ya ditekta ya Garrett ACE si ya Garrett AT Pro, ingawa kampuni ni moja. Koili ya Minelab Gold Monster haina kazi kwenye Minelab GPX, kwa sababu ya kwanza ni mashine ya masafa ya kilohezi 45 na ya pili ni ya mapigo. Mtu akikwambia koili moja inakaa kwenye mashine zote, mkatie simu.

Kabla ya kununua koili yoyote, kwa yeyote, anza na udongo wako. Funga sumaku ndani ya mfuko wa plastiki, iburute kwenye mchanga au udongo uliokauka. Ikitoka na ndevu nyingi nyeusi, una udongo wa chuma, fikiria DD ndogo. Wa kule Kwale mnaujua mchanga mweusi. Ilmenaiti, madini meusi yenye chuma yaliyochimbwa huko tangu 2013 hadi mwisho wa 2024, ilitoka kwenye mchanga wa aina hiyo. Ukitoka Voi kuelekea Mwatate na Taveta utakutana na udongo mwekundu, na kila unapohama sehemu unapaswa kuiweka mashine sawa na ardhi upya, yaani kuirekebisha isiusikie udongo wenyewe.

Uongo wake mwingine ni wa kina. Anasema pete itaonekana mita tatu chini. Kitu cha ukubwa wa pete au sarafu, kwenye mashine nzuri na udongo mzuri, hupatikana kwenye sentimita 20 au 30 hivi. Vitu vikubwa sana ndivyo vinavyoonekana mbali zaidi.

Na linalonikera kuliko yote: anawashawishi wateja wakachimbe hazina ya Wareno kwenye magofu ya Mtwapa na Jumba la Mtwana. Msithubutu. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalinda magofu hayo pamoja na vitu vya kabla ya 1895, na atakayekamatwa na jembe ni wewe, si yeye.

Kama umeshamtumia pesa leo, peleka ujumbe wa muamala kwa namba 456 ya Safaricom mara moja kabla hajazitoa. Kama siku zimepita, usifute mazungumzo wala picha alizokutumia. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa wenye jina na namba, ichukue koili yenyewe na sanduku lake, nenda kituo cha polisi ukapewe namba ya OB (kitabu cha matukio). Mkienda wengi mna nguvu zaidi, maana kila mmoja peke yake ataambiwa ni ugomvi wa biashara. Makachero wa DCI nao wana laini ya bure, 0800 722 203.

Nasikia sasa anatangaza Ukunda na Malindi. Mlioko huko, mkitaka kumpima, mwambieni mteremke pamoja hadi kwenye mchanga uliolowa, mfukie sarafu ya shilingi 20 wenyewe, na simu ya M-Pesa ibaki mfukoni mpaka mashine iione.