Feni ya Kubadilisha kwenye Gari la Zamani: Ipi Uinunue na Ipi Uiache

Mwenye Land Rover ya zamani au Peugeot 504 hapa Mtwara haoni thamani ya feni akiwa kwenye lami ya kwenda Lindi, kwa kuwa gari likishika mwendo wa kilomita 60 kwa saa upepo wa safari wenyewe hupoza rejeta. Huiona anapopanda kuelekea Newala, akiwa kwenye gia ya pili na mzigo nyuma, injini ikizunguka kwa kasi huku gari likitambaa. Hapo kazi yote ni ya feni. Ndiyo maana feni ikiharibika wengi huuliza swali moja tu, yaani ipi inavuta upepo mwingi zaidi. Mimi naona lipo swali linalotangulia: feni hiyo ikivunjika, itavunjika namna gani, na nani atakuwa amesimama karibu nayo?

Feni yenye kipenyo cha sentimita 40, ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha ya panga lake hukimbia kwa kasi ya karibu kilomita 300 kwa saa. Tena nguvu inayolivuta panga kutoka kwenye kitovu haiongezeki sawa na mizunguko, kwani mizunguko ikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Niliwahi kuona panga lililochomelewa kienyeji likikatika wakati fundi anavuta waya wa mafuta ili asikilize injini. Lilipasua rejeta, likatoboa boneti, na kumkosa kijana aliyekuwa ameshika tochi. Tangu siku hiyo sinunui feni kwa kutazama bei kwanza.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kosa ni la feni kweli, kwa sababu mkanda uliolegea, rejeta iliyoziba, themostati iliyoganda au kifuniko cha rejeta kisichoshika shinikizo hulifanya gari lichemshe vilevile. Kisha zima injini, shika feni kwa mikono miwili na uitikise mbele na nyuma. Ikicheza, beringi ya pampu ya maji imekwisha, na feni mpya juu ya pampu ya namna hiyo itaishia ndani ya rejeta.

Nafasi ya kwanza naipa feni mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya injini hiyo hiyo, iwe ya chuma yenye ribiti au ya nailoni iliyomiminwa kipande kimoja. Nenda dukani na feni ya zamani mkononi, ulinganishe matundu ya bolti, kipenyo, kina cha kitovu na upande ambao mapanga yameinamia, kwa maana feni inayofanana kwa macho inaweza kusukuma upepo upande usiotakiwa. Usishawishike kuchukua kubwa zaidi. Uzito wa ziada hubebwa na beringi ya pampu, na nafasi kati ya mapanga na rejeta haifai kupungua chini ya milimita 25 hivi, kwa sababu injini hucheza kwenye raba zake. Wenye Peugeot 404 na 504 watazame pia kama feni yao ni ile ya sumaku, inayoshikwa na umeme pale maji yanapopata joto, ili wasiuziwe kitovu kisicho chake.

Ya pili ni feni ya umeme, lakini kwa gari lenye alteneta tu, yaani kizalisha umeme cha kisasa kilichochukua nafasi ya dainamo. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Uingereza, hutoa ampea 22 ikiwa katika uzima wake, na feni ya umeme ya ukubwa wa kutosha inaweza kula kati ya 10 na 20 peke yake. Safari ya usiku yenye taa itaimaliza betri. Yapo pia magari ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 ambayo bodi yake imeungwa kwenye chanya ya betri, na humo feni itazunguka kinyume nyaya zisipogeuzwa. Dai fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayoubeba mzigo badala ya ile ya ufunguo) na waya mnene, usikubali kuunganishiwa moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo, na usiruhusu feni ishikiliwe kwa vifungo vya plastiki vinavyopita katikati ya mapezi ya rejeta, kwani mtikisiko huyakata mabomba. Huku kwetu pwani chumvi hula viungo vya umeme upesi, hivyo kila kiungo kipakwe grisi.

Feni kuukuu ya aina ile ile, iliyotoka kwenye gari lililokatwa, ndiyo watu wengi wanayoipata, na siidharau, ila ipimwe. Isugue hadi rangi yote itoke, hasa kuzunguka ribiti na kwenye shina la kila panga. Ilowanishe kwa mafuta ya taa kwa saa kadhaa, uifute ikauke kabisa, kisha uipake unga wa chaki. Palipo na ufa, mafuta yatatoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Mstari mmoja tu unatosha kuitupa. Panga lililopinda nalo usilinyooshe kwa nyundo, maana chuma kilichopinda na kunyooshwa kimeshaanza kuchoka. Feni ya nailoni iliyopauka na kupata vijiufa haifai hata kupimwa.

Feni ya klachi ya mafuta, yaani ile ambayo kitovu chake huyashika mapanga kwa mafuta mazito yaliyofungiwa ndani, iliyotolewa kwenye gari jingine naiweka chini ya hizo, kwa kuwa ni nzito na pampu ya gari la zamani mara nyingi haikuundwa kuibeba. Mwishoni kabisa ziko feni za mapanga membamba yanayojikunja kadiri mizunguko inavyopanda. Kule kujikunja kila siku ndiko kunakozaa ufa, nami sizifungi. Iliyochomelewa siipi nafasi yoyote.

Wakati wa kufunga, weka bolti za urefu sahihi na washa mpya za kukaza. Injini iwashwe boneti ikiwa imefungwa, na wakati wa kuiongezea mizunguko mtu yeyote asisimame mbele ya gari wala ubavuni usawa wa feni. Ukifika Mnazi Mmoja, kabla ya kukata kona ya Masasi, simama, zima injini, iache ipoe, uzikaze bolti hizo mara moja tena.