Jozani pamoja na baba mkwe: msitu kwanza, kima baadaye

Wengi wetu tunaokaa mjini Unguja tunaujua msitu wa hifadhi wa Jozani kwa kupita tu. Gari ya Makunduchi inapunguza mwendo kwenye matuta, mtoto anapiga kelele "kima hao!", safari inaendelea. Matuta yenyewe yaliwekwa kwa ajili ya hao kima, maana walikuwa wakigongwa sana barabarani. Na mimi nimepita hivyo hivyo miaka mingi, nikienda kwa wakwe zangu upande wa kusini. Safari hii nilishuka, tena na baba mkwe, mzaliwa wa Charawe, kijiji kinachopakana na hifadhi.

Kufika hakuna tabu. Kutoka mjini ni kama kilomita 35 kwa njia ya Tunguu. Panda daladala namba 310 ya Makunduchi au 309 ya Jambiani, na umwambie utingo mapema akushushe Jozani. Kuna dereva mmoja wa gari ya kukodi alitutajia bei ambayo ningekwenda nayo Pemba kwa boti nikabakiwa na chenji. Tukamshukuru, tukapanda daladala. Chukua kitambulisho, kwa sababu mkaazi halipi sawa na mgeni wa nje. Kiingilio ni kimoja kwa vyote: mtembezaji, msitu, kima, na daraja la mbao kwenye mikoko.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: mwambie mtembezaji unataka msitu kwanza. Usipomwambia, watu wote wanavutwa kwa kima, kwa sababu ndiko kuliko na picha. Kikundi kilichotutangulia kilikuwa kimetoka Kizimkazi kutazama pomboo na kinawahi chakula Paje. Msituni wamepita kama watu waliochelewa boti. Sisi tulikuwa na mzee, na mzee hakimbizwi.

Ndani ya msitu mrefu joto la barabarani linakatika ghafla, na ardhi inanuka majani mabichi na maji. Mtembezaji, kijana wa hapo hapo vijijini, alitueleza sababu. Chini ni mwamba wa matumbawe na pale ni bondeni, kwa hivyo maji yako karibu sana na uso wa ardhi, na masika hupanda mpaka juu yakafunika vijia. Mizizi haiwezi kuzama, inatambaa. Ndiyo maana unaona miti mikubwa imelala upande, mingine imeshaanguka na bado inachipua matawi mapya kutoka kwenye shina lililolala. Miti mingi mikubwa ni mitondoo. Baba alisimama kwenye mmoja, akapitisha kiganja kwenye gome lenye mifereji, halafu akaangalia juu kwa muda mrefu.

"Hili tawi la pili, mwanangu, unaliona lilivyopinda? Hilo ni taruma limeshajichonga lenyewe."

Taruma ni ubavu wa mashua, ule mti uliopinda. Kumbe mafundi wa mashua wa zamani walikuwa wakitembea msituni namna hiyo, hawatafuti mbao, wanatafuta mpindo. Kijana wa watu akacheka, akasema, "Mzee wangu, hilo leo ukilitazama tu linatosha." Tangu hapo wakawa marafiki, na mimi nikawa nawafuata nyuma nikisikiliza. Mfuu, mchikichi, mvumo, wanapishana kutaja majina na matumizi. Kama una mzee wa shamba ndani ya familia, nenda naye. Mtembezaji anajua wanyama na anajua kilichoandikwa, lakini mzee anajua mti ulikuwa wa nini.

Baba akauliza na habari za chui. Watu wa umri wake wote wanauliza. Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara, na shamba kila kijiji kina jina la mtu aliyesemwa kuwa anawafuga kwa uchawi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 waliwindwa kwa msako mkubwa, na wataalamu wengi wanawahesabu kuwa wametoweka. Kijana alijibu kwa adabu kuwa yeye hajapata kumuona. Baba hakujibu kitu, ila aliendelea kuangalia vichakani mpaka tukatoka.

Sasa kima. Kima punju ni wa Unguja, na duniani huwapati kwengine, isipokuwa wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970. Hawako ndani ya msitu mrefu peke yake. Wengi utawakuta ng'ambo ya barabara, kwenye vichaka na mashamba, wamezoea watu kiasi kwamba hawakutazami. Mgongo mwekundu, uso mweusi, nywele nyeupe zimesimama kichwani. Mikono yao haina dole gumba la maana, na bado wanaruka tawi kwa tawi na mtoto tumboni.

Tumbo lao halipatani na tunda tamu lililoiva, kwa hivyo ndizi yako iache nyumbani. Wanakula majani machanga na matunda mabichi. Hapo ndipo palipo na jambo lililonishangaza kuliko yote: wanakula makaa. Majani ya mwembe na ya mkungu wanayapenda lakini yana sumu kidogo, na makaa huinyonya ile sumu tumboni. Nilimuona mmoja ameshika kipande cheusi, anakitafuna taratibu kwa jino la upande, vumbi jeusi limemjaa mdomoni, mwanawe ananyoosha mkono aonje. Wanayaokota kwenye mashamba yaliyochomwa na kwenye matanuri ya wachoma makaa.

Baba hakufurahishwa nao sana. Kwa mkulima wa pale, kima ni mla vidaka vya minazi, yaani nazi changa kabisa. Kijana akamwambia kuwa miaka ya 1990 watafiti walihesabu minazi wakakuta ile waliyokula kima vidaka haikupungua mazao, kwa sababu mnazi wenyewe huwa unadondosha vidaka vingi vyake. Baba akasikiliza mpaka mwisho.

"Aliyehesabu alikuwa na minazi mingapi?"

Sote tulicheka, hata kijana. Lakini si mzaha tu. Vijiji vinapata sehemu ya fedha za wageni, na bila hiyo sidhani kama wakulima wangekuwa na subira.

Kero yangu ni wageni wenzetu. Kuna mmoja alikuwa anampelekea kima simu usoni kabisa. Mtembezaji alimrudisha nyuma kwa upole, akaeleza kuwa mafua yetu yanaweza kuwaua. Kaa mbali hatua kadhaa, na ukiwa unakohoa ahirisha.

Daraja la mikoko liko upande wa kijiji cha Pete, mwendo mfupi tu. Msiliache kwa kuchoka. Kukiwa maji yametoka utaona kaa wanaingia na kutoka matopeni, na mizizi ya mkoko imejipanga mguu kwa mguu. Kukiwa maji yamejaa, samaki wadogo wanapita chini ya mbao unazokanyaga. Kuna mkoko, msinzi, mkandaa na mchu, kila mmoja una kazi yake, na boriti za nyumba za Mji Mkongwe zimetoka kwenye miti ya aina hii. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Nimekaa kwenye chumba kama hicho utoto wangu wote na sikuwahi kujiuliza.

Mambo madogo: vaa viatu vya kufunika, mbu wapo, beba maji. Asubuhi mapema ni bora, kima wanakuwa wanakula na magari ya watalii hayajawa mengi. Kurudi, gari za mjini mchana zinatoka Makunduchi zimeshajaa, kwa hivyo kama una mzee, toka kabla ya adhuhuri upate pa kumkalisha. Baba yeye alipata kiti cha mbele, akamweleza dereva habari za taruma mpaka Tunguu.