Harrier yenye kamera na 109 yenye vioo bapa: uzoefu wangu barabara za Dodoma

Jiwe lilinipata nimeshaipita Bahi, naelekea Manyoni. Semi trela la mbele lilikanyaga kokoto za pembeni, nikasikia "ta!", na nilipoinua macho nikaona ufa kwenye kioo cha mbele. Ulianzia juu kabisa, jirani na kioo cha kutazamia nyuma, ukawa unashuka taratibu kila gari likirushwa na barabara.

Gari ni Toyota Harrier ya 2017 niliyoiagiza Japani, ina mfumo wa Toyota Safety Sense, yaani rada na kamera za kumsaidia dereva. Nimekaa nayo mwaka na miezi miwili, na safari zangu nyingi ni Dodoma–Singida. Nyumbani nina pia Land Rover 109, Series III ya 1978, ya petroli. Watu wengi wananiuliza kama mambo ya rada na kamera yanafaa huku kwetu. Rada inafaa, tena sana. Kamera ndiyo yenye maneno.

Rada imefichwa nyuma ya nembo ya mbele. Unaweka mwendo, tuseme 80, unatoa mguu kwenye mafuta. Ukikuta lori, gari linapunguza lenyewe na kufuata nyuma kwa nafasi uliyochagua. Lori likikupisha, linarudi 80. Mpaka Singida ni kama kilomita 240, na ile tambarare ya Bahi saa nane mchana, jua kali na lami imenyooka, ndipo mtu anapochoka bila kujijua. Sasa nafika goti haliumi na akili iko timamu. Mwendo haupandi kwa bahati mbaya, kwa hiyo hata tochi za trafiki hazinitishi. Vijijini naizima, natumia mguu wangu, kwa sababu ya matuta, rasta na watoto wa shule. Naizima pia tukianza kupandisha ukingo wa Bonde la Ufa kabla ya Manyoni, malori yanakotambaa. Kero moja tu: ile nafasi inayoachwa mbele, madereva wa kuchomekea wanaipenda. Akiingia mmoja gari linapunguza mwendo kumpisha, anaingia wa pili.

Masika iliyopita nilitoka Hombolo kwenye tope, dashibodi ikaniandikia Kijapani na kruzi, yaani ule mfumo wa kushika mwendo, ikagoma. Nikapiga picha, simu ikanitafsiria: safisha rada. Nikafuta nembo kwa kitambaa chenye maji, ikarudi. Ukinunua gari la namna hii weka kitambaa mlangoni.

Kamera iko juu ya kioo cha mbele, kwa ndani, na inasoma mistari ya barabarani. Mstari ukiwa umefutika au umefunikwa na mchanga, haina la kusoma. Ukiwepo, nao una hatari yake. Jioni moja nilimkwepa bodaboda asiye na taa, sikuwasha indiketa, usukani ukavuta kunirudisha upande aliko yeye. Nguvu yake ni ndogo, unaishinda kwa mikono, ila moyo uliruka. Ukiwasha indiketa haikuvuti. Mimi huko kuvuta usukani nimekuzima kabisa, na ningemshauri hivyo yeyote anayekwepa mashimo kila siku. Breki ya dharura nimeiacha, lakini ile imetengenezwa kutambua magari na watu. Ng'ombe wanaovuka jioni kutoka malishoni ni juu yako wewe dereva.

Turudi kwenye ufa. Nilibadilisha kioo kwenye gereji moja hapa mjini. Kazi ilionekana safi, gundi imekaa vizuri. Nikawasha, taa ya onyo ikabaki inawaka na kruzi ikakataa.

"Fundi, hii taa vipi?"

"Mzee, hiyo itazima yenyewe, endesha tu."

Haikuzima wiki nzima. Kamera ikishatolewa na kufungwa kwenye kioo kipya lazima ipimwe upya. Ikipinda kidogo tu, huko mbele inaona upande usio wake. Hilo sikuambiwa kabla ya kulipa, na bado linaniuma. Ilinibidi niende Dar es Salaam, kama kilomita 450. Gari likawekwa sakafu iliyo sawa, wakapima kwa futi kutoka katikati ya bampa, wakasimamisha bango lenye alama nyeusi na nyeupe mbele yake, kompyuta ikachomekwa chini ya usukani. Taa ikazima. Gharama ya kupima ilizidi bei ya kioo chenyewe.

Mwezi uleule 109 nayo ilipasuka kioo. Vioo vyake vya mbele ni viwili, kila kimoja bapa kama cha kabati. Nilifungua skrubu mwenyewe uani, nikatoa vipande, nikavipeleka kwa mkata vioo vikatumika kama kipimo. Sharti nililompa ni moja: kiwe kioo cha tabaka mbili chenye utando katikati, si kile cha dirisha la nyumba ambacho kikivunjika kinachana uso. Saa kumi alasiri nilikuwa nimemaliza. Ni kweli 109 inakula lita moja kwa kilomita sita, ni nzito mikononi, na Singida siendi nayo tena. Ila kwenda mnada wa Msalato au shamba la Mvumi, nachukua yenyewe.

Unayeagiza: gari likifika, washa ukiwa bandarini na utazame taa za dashibodi mpaka zote zizime. Kisha chungulia juu ya kioo cha mbele, uone kama kamera imekaa wima na kifuniko chake hakijawahi kubanduliwa. Na kabla ya kumkabidhi fundi kioo, muulize kwanza nani atapima kamera, na wapi.