Uzoefu wangu na akaunti ya kikundi: makato ambayo hatukutajiwa

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 28, wengi wao wanawake wanaouza mchele, ndizi na nguo za mitumba katika Soko Kuu la Chifu Kingalu na katika mitaa ya Kihonda, mjini Morogoro. Tangu mwaka 2021 fedha zetu zimekuwa katika akaunti ya kikundi kwenye benki moja ya biashara, na tathmini hii ninaiandika kwa ajili ya vikundi vingine vinavyofikiria kufungua akaunti ya aina hiyo, ili vijue kabla ya kutia saini ni nini kitakachokatwa na ni nani atakayewajibu vikiuliza. Jina la benki sitalitaja, kwa kuwa lalamiko letu halijakamilika, na pia kwa kuwa wenzetu walioko katika benki nyingine wameniambia habari zinazofanana sana na zetu.

Kabla ya hapo fedha za kikundi zilikaa katika sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zake zilishikwa na wanachama watatu wanaoishi nyumba tofauti. Utaratibu huo unajulikana Tanzania nzima na una faida yake kubwa: kila fedha inayoingia au kutoka huhesabiwa mbele ya macho ya wote. Hata hivyo fedha zilipoongezeka, sanduku lilianza kututia hofu ya wezi. Tena Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya kijamii kama chetu katika daraja la nne la watoa huduma hizo na kuvitaka visajiliwe kupitia halmashauri. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nayo hupitia akaunti ya benki ya kikundi. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, kwa hiyo kikundi kinachoitaka hakiwezi kukaa nje ya benki.

Ofisa wa benki alikuja mwenyewe kwenye kikao chetu akiwa na vipeperushi vilivyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba akaunti ya kikundi haina makato ya mwezi. Tulipeleka katiba, muhtasari wa kikao, cheti cha usajili, barua ya serikali ya mtaa pamoja na vitambulisho vya taifa vya watia saini watatu, na akaunti ikafunguliwa bila usumbufu. Nataka nitende haki hapa: kuweka fedha kwa wakala aliye karibu na soko ni jambo la dakika chache na hakuna tunachotozwa, na haijatokea hata mara moja fedha tuliyoweka ikakosa kuonekana katika akaunti. Kwa upande wa usalama sina lawama.

Lawama yangu ilianza mwishoni mwa mzunguko wa mwaka 2024, tulipojiandaa kwa mgawo, yaani kugawana fedha tulizoweka. Kwa desturi yetu mweka hazina husimama na kusoma daftari mstari kwa mstari, hisa za kila mwanachama, mikopo iliyorejeshwa, faini za waliochelewa na matumizi ya mfuko wa jamii, na mwanachama yeyote anaweza kumkatiza na kumtaka aeleze. Kwa hesabu ya daftari, akaunti ilipaswa kuwa na shilingi 6,412,000. Taarifa ya akaunti kutoka benki ilionyesha shilingi 6,321,140. Upungufu ulikuwa shilingi 90,860, na aliyepaswa kuueleza mbele ya watu 27 nilikuwa mimi.

Huenda wapo watakaosema kwamba fedha hiyo ni kidogo. Katika kikundi chetu hisa moja ni shilingi 5,000, kwa hiyo hizo ni hisa 18 na zaidi, na kuna wanachama ambao kwa mwaka mzima hawafikishi idadi hiyo. Mwanachama anapofiwa, mfuko wa jamii humpa rambirambi ya shilingi 100,000. Makato yale yalikaribia kuwa sawa na msiba mmoja.

Nilikwenda kwenye tawi nikiwa na daftari pamoja na taarifa ya akaunti. Mashine inatoa namba ya foleni, viti vipo, lakini kati ya madirisha yaliyopo ni moja tu linaloshughulikia maswali ya akaunti, na mara kwa mara anayelihudumia huitwa kwenda kusaidia kwingine huku watu wakiendelea kukaa. Nilipofika mbele, kijana aliyekuwa dirishani alitazama karatasi yangu kwa haraka, akaniambia kwa upole, “Mama, hayo ni makato ya kawaida ya mfumo.” Nilimwomba anitajie kila kato lilikuwa la nini, maana kwenye taarifa yameandikwa kwa herufi za mkato na tarakimu ambazo mtu wa nje ya benki hawezi kuzisoma. Akasema yeye haoni maelezo hayo kwenye kompyuta yake, nipige simu huduma kwa wateja. Simu hiyo inatumia salio la mpigaji wakati anasikilizishwa muziki, na aliyepokea hatimaye aliniambia kwamba masuala ya akaunti za vikundi hushughulikiwa na tawi lililofungua akaunti. Niliporudi tawini, mtandao ulikuwa unasumbua. Hali hiyo ilijirudia kwa wiki kadhaa, na kila ofisa mpya alianza upya kuniuliza jina la kikundi na shida yangu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika popote kile nilichokwisha kumweleza mwenzake.

Sisemi kwamba vijana wale walinitukana au kunidharau. Walikuwa na adabu. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja aliyepewa uwezo wa kujibu swali la mteja kuhusu fedha yake mwenyewe, na adabu isiyoambatana na jibu humwacha mteja pale pale alipokuwa.

Jibu nililipata nilipokaa na binti wa mwanachama mwenzetu anayesomea uhasibu, tukachukua mwongozo wa ada uliobandikwa ukutani karibu na mlango wa tawi, tukaupiga picha na kuulinganisha na taarifa ya akaunti. Mwongozo huo umeandikwa kwa Kiingereza, herufi zake ni ndogo, na chini kabisa unasema kwamba bei zilizotajwa hazijajumuisha kodi. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 kwenye ada za benki imekuwapo tangu Julai 2016, benki inaijua vizuri, na sioni sababu ya kumwonyesha mteja shilingi 2,000 wakati itakayokatwa ni 2,360.

Ile ada ya mwezi tuliyoambiwa haipo ilikuwapo. Ilikatwa kila mwezi kwa mwaka mzima, jumla shilingi 28,320. Katika mwongozo tuligundua kwamba msamaha wa ada hiyo una sharti, kwamba salio lisishuke chini ya shilingi 500,000, sharti ambalo kipeperushi hakikulitaja na ofisa hakulisema kikaoni. Kikundi cha kuweka na kukopa hugawana fedha mwisho wa mzunguko, kwa hiyo salio lake lazima lishuke kwa muda, na benki inayotangaza akaunti kwa ajili ya vikundi inalifahamu hilo. Hata hivyo salio letu lilikuwa chini ya kiwango kwa miezi mitatu tu, na makato yalikuwa ya miezi 12.

Ujumbe mfupi wa simu ulikula shilingi 22,420. Karibu kila muamala ulituma ujumbe kwa watia saini wote watatu, na kila ujumbe ulitozwa shilingi 118. Kilichonikera zaidi ni kwamba mmoja wa watatu hao, aliyekuwa katibu wetu, alikuwa amehamia Songea na tulikwisha kumwondoa rasmi, lakini simu yake iliendelea kupokea habari za fedha zetu kwa gharama yetu. Hata kumwondoa huko kulikuwa na bei: shilingi 11,800, ambayo wakati tunajaza fomu hakuna aliyetutajia, na ndiyo iliyokuwa imejificha nyuma ya herufi za mkato zilizonisumbua kuliko zote. Kurasa za taarifa ya akaunti tulizochukua kwa ajili ya vikao vyetu vya robo mwaka zilitugharimu shilingi 10,620.

Ada ya kutoa fedha dirishani, shilingi 2,950 kila mara, ilifikia shilingi 17,700 na imeniachia uchungu wa pekee. Akaunti ya kikundi haina kadi, kwa kuwa kila malipo yanahitaji saini tatu, na saini hizo hukaguliwa dirishani. Maana yake ni kwamba mteja anatozwa kwa kutumia njia ambayo benki yenyewe imemlazimisha kuitumia. Kwenye mwongozo ada hiyo inaelezwa kuwa ni ya kuwahamasisha wateja watumie mashine za kutolea fedha na simu. Sisi tutahamasika vipi wakati hatukupewa hata kadi moja?

Nilipowasomea wanachama hesabu hiyo, mmoja wao alikumbusha habari ya tozo ya serikali ya mwaka 2022, nami nadhani aligusa penyewe. Tozo ile ilianza kwenye miamala ya benki katikati ya mwaka 2022, ikaumiza watu wengi, lakini kila mtu alijua jina lake, ilizungumzwa sokoni na redioni, na kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo serikali ikaondoa sehemu yake. Watu waliweza kuilalamikia kwa sababu waliiona. Makato ya benki hayana jina linaloeleweka, yanakuja kidogo kidogo, na kwa hiyo hayazungumzwi na mtu yeyote mpaka siku mweka hazina anaposhindwa kulinganisha hesabu zake.

Tuliandika barua ya lalamiko kwa meneja wa tawi, tukaambatanisha kipeperushi, nakala ya taarifa ya akaunti na jedwali letu, na tukasisitiza tugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Nawasihi wenzangu wafanye hivyo hivyo. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019, zinaitaka benki impe mteja taarifa za gharama kwa uwazi na iwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko yake. Benki Kuu ina dawati la malalamiko, lakini mteja anatakiwa aanzie kwenye benki yake kwanza, na bila barua iliyogongwa muhuri ni vigumu kuthibitisha kwamba alianzia huko. Jibu la kwanza tulilopata lilikuwa la sentensi chache, kwamba makato yote yalifanyika kwa mujibu wa mwongozo wa ada. Tukaandika tena tukieleza kwamba hatua yetu inayofuata ni dawati la Benki Kuu. Safari hii meneja alinipigia simu mwenyewe, akaniita ofisini, akasoma jedwali lote nikiwa nimekaa mbele yake, na baada ya muda shilingi 21,240 zikarudishwa katika akaunti, yaani ada ya ile miezi tisa ambayo salio letu lilikuwa juu ya kiwango.

Nilimshukuru, na namshukuru hapa pia, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwanza katika benki ile kusoma karatasi zetu hadi mwisho. Lakini fedha ilirudishwa bila barua inayoeleza kosa lilikuwa nini, na niliposoma urejeshaji huo kikaoni, wanachama waliniuliza kama vikundi vingine vilivyokatwa vivyo hivyo navyo vimerudishiwa. Sina jibu la kuwapa, ila ninaamini kwamba benki iliyogundua kosa katika akaunti moja ilipaswa kuzikagua zote bila kusubiri kila mweka hazina aje na jedwali lake.

Kwa kikundi kinachotaka usalama wa fedha, kilicho na wakala karibu na kinachotoa fedha mara chache kwa mwaka, akaunti hii inafaa, mradi kiombe kwanza orodha ya ada kwa Kiswahili, yenye kodi ndani yake, iliyosainiwa na ofisa aliyekuja kuwashawishi. Kiulize hasa gharama ya kutoa fedha dirishani, gharama ya kubadilisha mtia saini, na kama ujumbe wa simu unaweza kutumwa kwa namba moja tu. Kwa kikundi kinachotoa mikopo kila wiki na kinachohitaji fedha taslimu mara kwa mara, kwa hali ilivyo sasa, sikishauri kuifungua.

Sisi tumebaki na akaunti hiyo kwa sababu maombi yetu ya mkopo wa halmashauri yamefungamanishwa nayo. Kikao kiliamua ujumbe wa simu uje kwa mwenyekiti peke yake, na nimekwisha kupeleka fomu ya kuomba hivyo. Tawi limeirudisha likisema inahitaji saini ya watia saini wote waliosajiliwa, na kwenye mfumo wao jina la katibu aliyehamia Songea bado lipo, ingawa shilingi 11,800 za kumwondoa walikwisha kuzikata. Barua ya lalamiko hilo jipya imegongwa muhuri wiki iliyopita, na nakala yake imo kwenye faili la kikundi.