Fundi wa friji wa Ngara: nyota nne, ya tano ameichelewesha mwenyewe

Nauza juisi ya ukwaju na maziwa lala huku Umoja, kwa hivyo friji ikifa nami nimekufa. Yangu ni ya mtumba, milango miwili. Ilipoacha kugandisha, fundi wa kwanza niliyemwita alikata bomba la shaba, gesi ikatoka fyuuu mle jikoni, akajaza nyingine ya mtungi aliokuja nao. Nikalipa 3,500. Wiki mbili baadaye kompresa ilikuwa moto kama jiko la makaa na ndoo mbili za juisi zimechacha.

Jirani akanielekeza Ngara. Huyu, kabla hata ya kushika spana, aliigeuza friji akanionyesha kibandiko cha nyuma chenye aina ya gesi na kipimo chake: R600a, gramu 48. Mwenzake alikuwa amenijazia R134a. "Mama, huyo alikutilia dizeli kwa gari la petroli."

Gesi ile hakuiachilia. Aliifyonza kwa kimashine mpaka ndani ya mtungi. Nikamuuliza, si ungeiacha tu iende? Akacheka. Akaniambia gesi za zamani kama R12 ndizo zilizokuwa zikiila ozoni, mpaka nchi zikakubaliana Montreal mwaka 1987 ziondolewe. R134a ikachukua nafasi. Hiyo ozoni haiigusi, lakini kilo yake moja hupasha dunia joto kama kilo 1,400 hivi za hewa ukaa, ndiyo maana 2016 walikutana tena Kigali kuipunguza. Na sekretarieti ya mambo hayo yote ya ozoni iko hapa hapa Gigiri! Miaka 22 Nairobi, mimi nikijua Gigiri ni magari ya mabalozi tu.

R600a hushika moto, kwa hivyo hata mama wa chai wa kibanda cha pili aliambiwa azime jiko kwanza. Gesi ikapimwa kwa mizani ndogo kama ya sonara, ikafika 48, akafunga.

Sasa lawama. Aliniambia Jumanne, nikaichukua Jumamosi. Simu hashiki. Na 7,800 ni pesa, tena risiti nilimdai mara tatu.

Lakini huu ni mwezi wa nne tangu aitengeneze, na juisi inatoka na vipande vya barafu. Ukienda, nenda asubuhi kabla foleni haijajaa, na upige picha kile kibandiko cha nyuma. Bila hicho atakurudisha nyumbani.